Sumner, mji ulioamua kuomba radhi

Treni ya kwenda kusini huondoka Chicago saa mbili usiku. Inaitwa City of New Orleans, na kabla haijafika mwisho wake kule Louisiana inapita Illinois yote kwa urefu, inakatiza kipande cha Kentucky na cha Tennessee, halafu inaingia Mississippi. Kwa reli hii na nyingine kama hii, na kwa barabara, Wamarekani weusi wapatao milioni sita walihama kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970. Walikimbia mashamba ya pamba yaliyowaachia madeni kila mwisho wa msimu, na walikimbia hofu ya kuuawa na genge la watu bila kesi wala kosa. Mimi nilikuwa nakwenda walikotoka. Nilitaka kufika Sumner, mji mdogo wa kaunti ya Tallahatchie, Mississippi. Hapo mwaka 1955 wanaume wawili wazungu walioshitakiwa kwa kumuua mtoto mweusi wa miaka 14 waliachiwa huru, na hapo hapo, miaka 52 baadaye, wenyeji weusi na wazungu walikaa meza moja wakaandika tamko la kuomba radhi.

Nimesikiliza mijadala mingi kuhusu ubaguzi wa rangi Marekani. Watu hukutana studio, hupaza sauti, kisha kila mmoja hushika njia yake. Nilitaka kuwaona watu ambao wakimaliza kuambiana ukweli, kesho yake wanakutana tena kwenye foleni ya duka lile lile.

Chicago nilifikia kwa mama mmoja wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, anayekaa Rogers Park, upande wa kaskazini wa jiji, ambako Kiswahili unakisikia hata kituo cha basi. Aliletwa na mpango wa wakimbizi baada ya miaka mingi ya kambi. Jioni ya safari yangu alikuwa anasonga bugali, sombe iko tayari jikoni, na mwanawe wa kiume alikuwa anavaa viatu atoke kwenda dukani. Kijana ana miaka 14, kimo chake kimeshampita mama. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria, akamfuata mlangoni.

"Kofia ya sweta?"

"Nimeishusha, mama."

"Mikono?"

"Nje ya mifuko."

"Na risiti?"

"Nitaiomba."

"Polisi akikusimamisha?"

"Sikimbii. Naonyesha mikono. Namwita bwana."

Ndipo akamruhusu. Aliporudi jikoni aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Dada, hapa hakuna mtu atamuuliza mtoto wangu kama ni Mkongo. Watamwona mweusi, basi." Masharti yale alifundishwa na jirani yake wa ghorofa ya chini, mama Mmarekani mweusi. Mwanzoni alikuwa anamkwepa jirani huyo, kwa sababu tangu kambini aliambiwa kwamba Wamarekani weusi ni wavivu, ni wezi, usiwazoee. Jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kugonga mlango wake, akampeleka kliniki, akamwonyesha shule. Kisha siku moja alimkalisha chini, akamfundisha namna ya kulea mtoto wa kiume mweusi katika nchi ile, kama yeye alivyofundishwa na mama yake mzazi, aliyekuwa amehama kutoka Mississippi.

"Kule unaenda kutafuta nini?" mwenyeji wangu aliniuliza. Nikamwambia naenda kuona mahali yalipozaliwa hayo masharti.

Mtoto yule aliyeuawa, Emmett Till, alisafiri kwa njia hii ya reli mwezi Agosti 1955. Alikuwa mtoto wa Chicago, mcheshi, mwenye kigugumizi kidogo. Mama yake, Mamie, alizaliwa Webb, mji unaopakana na Sumner, akapelekwa kaskazini akiwa bado mdogo sana. Kwa hiyo aliijua Mississippi kwa habari za wazazi wake. Kabla ya safari alimkalisha mwanawe akamfundisha: ukikutana na mzungu shusha macho, mpishe njia, na ikibidi kupiga magoti, piga. Akampa pete ya marehemu baba yake, yenye herufi L.T. Kijana akaondoka na babu mdogo wa ukoo, Moses Wright, pamoja na binamu yake Wheeler Parker, kwenda kufurahia likizo shamba.

Tarehe 24 Agosti aliingia kwenye duka la kijiji cha Money kununua peremende. Aliyekuwa akiuza ni mke wa mwenye duka, Carolyn Bryant, mzungu wa miaka 21. Binamu waliokuwapo walisema Emmett alipiga mluzi mwanamke huyo alipotoka nje. Usiku wa kuamkia tarehe 28, mumewe Roy Bryant na ndugu yake J.W. Milam walifika nyumbani kwa Moses Wright na bastola, wakamtoa mtoto kitandani. Mwili ulipatikana katika mto Tallahatchie tarehe 31, umefungiwa shingoni feni ya chuma ya kinu cha kuchambulia pamba kwa waya wa miiba. Uso ulikuwa umeharibiwa kiasi kwamba Moses Wright aliutambua mwili kwa ile pete.

Maofisa walitaka azikwe upesi huko huko. Mamie akakataa, akaurudisha mwili Chicago, akaagiza jeneza liachwe wazi. Maelfu kwa maelfu ya watu walipita mbele yake, na gazeti la weusi la Jet likachapisha picha. Mwezi Novemba mwaka huo huo, katika kanisa la Dexter Avenue mjini Montgomery, Rosa Parks alisikiliza hotuba juu ya mauaji hayo. Siku nne baadaye alikataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi.

Treni iliniteremsha Greenwood asubuhi ya saa tatu. Aliyenipokea ni mzee mmoja mstaafu, mwalimu wa hesabu miaka mingi, ambaye sasa huwazungusha wageni kwa gari lake. Nilimwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu ni heshima, akafurahi. Kabla hatujawasha gari aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Tanzania sehemu gani? Nikasema Same, nikijua jina hilo halitamwambia kitu.

Alinigeukia. "Same? Bob Moses alikuwa mwalimu huko."

Hilo ni kweli, na inanisikitisha kwamba vijana wetu wengi hawalijui. Robert Moses alikuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa harakati za haki za raia Mississippi. Alifika jimbo hili mwaka 1960, akapigwa na kufungwa kwa kosa la kuwasindikiza weusi kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1964 aliongoza kampeni ya majira ya joto iliyoleta karibu vijana 1,000 wa kujitolea, wengi wao wazungu wa vyuo vya kaskazini. Wanaharakati watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa kabla hata kampeni haijashika kasi. Baadaye Moses alihamia Tanzania pamoja na mkewe Janet, akafundisha hesabu katika Shule ya Same hadi mwaka 1976, na watoto wao watatu kati ya wanne wakazaliwa nchini kwetu. Aliporudi Marekani alianzisha mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto maskini, maana aliamini kwamba mtoto asiyejua hesabu leo ananyimwa uraia kama alivyonyimwa babu yake kwa kukosa kura. Mzee alijifunza ualimu kwa njia za mradi huo. Nilikuwa nimesafiri mbali kote huko, na mtu wa kwanza kunipokea alikuwa na deni la heshima kwa mwalimu aliyewahi kushika chaki Upareni.

Delta ya Mississippi haina kilima. Barabara inanyooka, kulia pamba, kushoto pamba, na ilikuwa Oktoba, mashine kubwa zilikuwa shambani zikivuna, nyuzi nyeupe zimetapakaa kando ya lami. Money tulisimama dakika chache tu. Duka limebaki kuta mbili tatu zilizofunikwa na mimea ya kutambaa, na kibao cha historia mbele yake. Mzee hakushuka garini.

Njiani alinisimulia kwamba kwao jina la Emmett Till halikuwa historia. Lilikuwa onyo. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule, na akikosea jambo mbele ya mzungu, hata kusahau tu kuvua kofia, mama yake alimshika bega akamtajia jina hilo moja, bila neno jingine. Shuleni, ambako walimu wote walikuwa weusi, halikutajwa kabisa. Mwalimu aliyelitaja angepoteza kazi. Weusi walinyamaza wapate kuishi, wazungu wakanyamaza wasipate aibu, na kwa nusu karne mji ulikuwa unaendelea na shughuli zake kana kwamba hapakutokea kitu.

Sumner ina wakazi wasiofika 500. Mahakama ni jengo la matofali lenye mnara, katikati ya uwanja wa nyasi. Mbele yake imesimama sanamu ya askari wa jeshi la kusini, lile lililopigana kutetea utumwa, na hatua chache kutoka hapo kipo kibao kinachoeleza kesi ya mwaka 1955. Vyote viwili viko kwenye uwanja mmoja.

Chumba cha kesi kiko ghorofani, nacho kimekarabatiwa kifanane na kilivyokuwa mwaka ule. Viti vya mbao, feni za darini, madirisha marefu. Niligusa kiti cha shahidi. Hapo ndipo Moses Wright, mkulima wa miaka 64 anayelima shamba la wengine kwa kugawana mavuno, aliposimama mbele ya ukumbi uliojaa wazungu, akanyoosha mkono na kuwaonyesha kwa kidole watu waliomchukua mtoto. Mtu mweusi Mississippi hakuwa akifanya hivyo na kubaki salama. Baada ya ushahidi ule aliacha pamba yake shambani akakimbilia Chicago. Shahidi mwingine, Willie Reed, kijana wa miaka 18 aliyesikia kilio cha Emmett kutoka ghala moja, naye akatoroka, akabadili jina, akafanya kazi hospitalini Chicago kwa miaka mingi bila kusema neno juu ya aliyoyaona.

Waandishi weusi walitengewa meza ndogo pembeni. Charles Diggs, mbunge mweusi kutoka Michigan, alipokuja kusikiliza kesi, aliwekwa kwenye meza hiyo hiyo. Mawakili wote watano wa mji huu waliungana kuwatetea washitakiwa. Mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye kazi yake ilikuwa kumtafutia marehemu haki, alipanda kizimbani kama shahidi wa utetezi akasema mwili ule umeoza mno, hauwezi kutambulika. Baraza la waamuzi, wazungu 12, wote wanaume, lilitoka kujadiliana na kurudi baada ya dakika 67: hawana hatia. Mmoja wao alisema wasingechelewa hivyo kama wasingesimama kunywa soda. Januari iliyofuata, gazeti la Look lilichapisha maungamo ya Bryant na Milam, waliyoyatoa kwa malipo, kwamba ndio waliomuua. Sheria haikuruhusu washitakiwe tena kwa kosa lile lile, na hawakuadhibiwa kamwe kwa mauaji hayo.

Siku niliyofika tulikuwa wageni kama kumi. Walimu wa shule, wanafunzi wawili, mke na mume wazungu wazee kutoka kaunti ya jirani, Mzee na mimi. Msichana aliyetuongoza, kutoka kituo cha kumbukumbu kilicho mkabala na mahakama, alituketisha kwenye viti vile vile vya waamuzi, akagawa karatasi. Lilikuwa tamko la mwaka 2007. Akatuomba tulisome kwa sauti, kila mtu sentensi moja, kwa kupokezana.

Si refu. Linasema kesi ile ilikuwa upotoshaji mkubwa wa haki. Linakiri kwamba wenyeji walishindwa kuitafuta haki, na linaiambia familia ya Till kwamba wanasikitika kwa dhati kwa lililotendwa kwa mpendwa wao katika jamii ile. Linasema pia kwamba upatanisho wa weusi na wazungu huanza kwa kusema ukweli. Sentensi ya kuiomba radhi familia ilimwangukia yule mama mzungu. Alianza, akasimama, akaanza upya, akamaliza.

Tulipoulizwa tumepata nini, yeye ndiye aliyeanza. Alisema baba yake alimfundisha tangu utoto kwamba mwili ule haukuwa wa Emmett Till. Kwamba weusi wa kaskazini waliutupa mtoni mwili wa mtu mwingine ili kuichafua Mississippi, na mtoto mwenyewe yuko hai Chicago. Aliamini hivyo hadi amekuwa mtu mzima na watoto wake. "Baba yangu alikuwa mtu mwema," akasema. "Alikuwa shemasi. Nadhani hakujua."

Mzee alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwake. Akamwambia, kwa upole kabisa, "Alijua, mama."

Mumewe akataka kusema kitu. Mkewe akamzuia kwa mkono. Kisha akasema, "Ndiyo. Nafikiri alijua." Akamuuliza Mzee kwao walifundishwa nini, naye akamweleza habari za jina na bega. Walizungumza wao wawili, sisi wengine tukisikiliza, mpaka muda wa ziara ukapita na msichana hakuwakatiza.

Mzee hakuwa akibahatisha. Stephen Whitaker, mzaliwa wa kaunti hiyo, aliwahoji waamuzi wa kesi miaka michache baadaye kwa ajili ya tasnifu yake ya chuo kikuu, na alikuta kwamba hawakuwa na shaka juu ya waliomuua mtoto. Habari ya mwili usiotambulika ilikuwa mlango tu wa kutokea. Uongo ule uliosemwa kwenye kizimba nilichokigusa kwa mkono ulitoka hapo ukaingia majumbani, ukawa malezi. Ndiyo maana nasema mazungumzo juu ya ubaguzi yasiyotaja tukio, mahali na jina hayafiki popote. Ukimuuliza mama yule kama ni mbaguzi atakwambia hapana, na atakuwa anasema kweli kadiri anavyojijua. Lakini akiulizwa uliambiwa nini kuhusu mwili ule, na nani alikwambia, hapo kuna jibu, na jibu hilo linaweza kupimwa mbele ya mtu mwingine.

Nilitaka kujua tamko lenyewe lilipatikanaje, na majibu hayakuwa ya kimalaika. Mahakama ilikuwa inaoza. Kaunti ni maskini, fedha za ukarabati hazikuwapo, na bila mahakama Sumner ingekufa kibiashara. Jerome Little, mtu mweusi wa kwanza kuwa mwenyekiti wa baraza la kaunti, aliona kwamba fedha zinaweza kupatikana ikiwa jengo litakarabatiwa kwa ajili ya historia yake, na historia hiyo ni moja tu. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya watu 18, tisa weusi na tisa wazungu. Baadhi ya wazungu walikuja kuokoa jengo. Weusi wengi walikuja kutafuta haki ya mtoto. Palikuwa na mabishano makali: wapo wazungu waliosema hawawezi kuomba radhi kwa dhambi wasiyoitenda, na wapo weusi waliosema bila radhi hakuna tume. Maneno yakasukwa, yakafumuliwa, yakasukwa tena mpaka wote wakaweza kuyatia saini. Tarehe 2 Oktoba 2007 yakasomwa mbele ya mahakama, jamaa za Emmett wakiwapo.

Nimesikia wasomi wakiidharau hadithi hii kwa sababu ndani yake kuna harufu ya fedha. Mimi siidharau hata kidogo. Watu wa Sumner hawakungoja mpaka mioyo yao itakate. Walikaa chini wakiwa na shida inayowahusu wote, kila mmoja na sababu yake, na wakalazimika kukubaliana sentensi kwa sentensi juu ya kilichotokea. Tume nyingi zenye nia safi kuliko hiyo zimekufa bila kuandika mstari.

Mchana tulikwenda Graball Landing, ukingo wa mto unaotajwa kuwa ndipo mwili ulipotolewa. Unaacha lami, unafuata njia ya changarawe katikati ya mashamba, hadi kwenye miti. Tume iliweka kibao hapo mwaka 2008. Kiling'olewa na kutupwa mtoni. Cha pili kilipigwa risasi kwa miaka, mpaka kikawa na matundu 317. Leo kinahifadhiwa kama ushahidi, na mwaka 2021 kilionyeshwa katika jumba la taifa la historia mjini Washington. Cha tatu kilikaa siku 35 kabla ya kupigwa risasi. Cha nne, kilichosimikwa Oktoba 2019, ni cha chuma kizito, uzito wake unapita kilo 220, na kioo chake hakipenyi risasi.

Nilipitisha kiganja juu yake. Ni baridi na laini, unene wake kama wa kitabu kikubwa. Kuna kamera. Jina la mtoto aliyeuawa miaka 70 iliyopita linalindwa kwa chuma na kamera, katika shamba ambako hakuna nyumba hata moja karibu; mtu anayekuja kulipiga risasi amekata shauri tangu nyumbani kwake, akawasha gari, akaendesha hadi huku. Nilimuuliza Mzee ni akina nani. Akasema wengine ni vijana tu, wanajaribu bunduki. Mwaka 2019 wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Mississippi walionekana wakipiga picha na bunduki mbele ya kibao cha tatu, wakitabasamu. "Watoto wale walizaliwa miaka arobaini na zaidi baada ya kesi," Mzee akasema. "Nani aliwafundisha?"

Yapo yaliyobadilika, na si haki kuyaficha. Mwaka 2020 Mississippi iliondoa alama ya jeshi la watetezi wa utumwa kwenye bendera yake. Machi 2022 Rais Joe Biden alisaini sheria yenye jina la Emmett Till inayofanya mauaji ya genge kuwa kosa la shirikisho, baada ya miswada ya aina hiyo kukwama bungeni kwa zaidi ya miaka 100. Tarehe 25 Julai 2023, siku ambayo Emmett angetimiza miaka 82, mahakama ya Sumner, Graball Landing na kanisa la Chicago alikoagwa vilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Lakini Mzee alinionyesha pia shule. Mahakama kuu ya Marekani ilipolazimisha shule za Mississippi zichanganywe mwisho wa mwaka 1969, wazungu wa Delta walianzisha shule zao binafsi, na hadi leo katika miji mingi ya huku shule ya serikali ina watoto weusi karibu watupu na shule binafsi ya jirani ina wazungu karibu watupu. Wazee wanakaa pamoja kwenye tume, wajukuu hawajuani. Mwezi ule ule wa Machi 2022 jimbo lilipitisha sheria inayowatia walimu woga wa kufundisha habari za rangi kwa uwazi. Na Machi 2025 Rais Donald Trump alitoa amri inayotaka maeneo ya kumbukumbu ya taifa yasioneshe maelezo yanayowadhalilisha Wamarekani wa zamani. Nilimuuliza msichana wa kituoni wanaichukuliaje. Alijibu kwamba karatasi ya tamko ni ya wenyeji wa Tallahatchie, wao ndio walioiandika, na wao ndio watakaoendelea kuisoma.

Jioni Mzee alinirudisha Greenwood. Nilimweleza habari za mama wa Uvira na masharti ya mlangoni, na jinsi mama huyo alivyoonywa kambini dhidi ya watu kama Mzee. Alicheka kidogo, kisha akaniuliza kwa nini Waafrika wengi wanaofika Marekani wanawaogopa weusi waliowafungulia mlango. Sikumpa jibu la kumfurahisha. Nilimwambia tunafika tukiwa tumeshaambiwa na wengine hawa ni nani, kupitia filamu na habari, na tunayakariri maneno hayo ili wenye nchi watuone sisi ni wa namna nyingine. Wakati huo huo sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, iliyofuta upendeleo kwa wahamiaji wa Ulaya na kutufungulia njia sisi, ilipitishwa katika kipindi kile kile ambacho watu wa Mzee walikuwa wanapigwa barabarani wakidai kura. Tuna wajibu wa kulijua hilo kabla hatujafungua midomo kuwasema.

Kwa hiyo nina ombi kwako unayesoma, hasa kama una ndugu Minneapolis, Houston, Columbus au Chicago, au una kijana anayejiandaa kwenda kusoma huko. Mwambie habari za Mwalimu Moses wa Same. Mwambie akipata likizo apande treni ya kusini, ashuke Greenwood, afike Sumner. Ziara hupangwa na kituo kilicho mkabala na mahakama, na kila mgeni hupewa karatasi na sentensi yake ya kusoma. Na akikutana na Mmarekani mweusi wa rika la Mzee, aanze kwa shikamoo, kisha amuulize alikulia wapi na aliambiwa nini, halafu asikilize mpaka mwisho.